Macho ya Cucu

S.L.P. 41,
Tala.
30 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Shiku,

Pokea salamu zetu sote. Habari za Eldoret? Goti lako limepata nafuu? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa mimi siku hizi naona haya kusema ni mzima.

Ulisikia kuhusu tezi yangu ya shingoni. Dawa zimetuliza moyo uliokuwa ukienda mbio, lakini macho yametokeza na hayafungiki vizuri hata nikilala. Daktari anasema huenda yasirudi yalivyokuwa. Shuleni nimezoea. Wananiita Taa, nami huwakodolea macho mpaka wanakimbia.

Nyumbani ndiko sijazoea. Unajua nilipewa jina la Cucu, mama yenu, na kwa desturi Baba ameniita "maitu", mama yangu, tangu nikiwa mtoto. Siku hizi akiniita hivyo haniangalii. Nimeiona picha ya Cucu, ile moja tu iliyobaki, na macho ni haya haya. Naogopa kioo, Shangazi. Naona mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Ijumaa nilimpelekea Baba chai sokoni, kwenye kibanda chake cha mitumba. Alikuwa akifungua furushi. Aliinua uso, akanitazama, mkasi ukamponyoka.

"Maitu, tusamehe," akasema. "Wageni wakikuja tulikuwa tunakufungia kwa chumba ya nyuma. Watu walisema umerogwa, na sisi tukaona aibu."

Sikujua nijibu kama nani. Niliweka kikombe nikaondoka.

Sasa tarehe 13 wanakuja wakwe kuleta mahari ya dada Muringo. Jana Baba aliniomba siku hiyo nikae chumba cha nyuma, ati nisichoke. Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

Usikasirike nikikuuliza, wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa kati yenu watoto wake. Cucu akiwa mle ndani, akisikia mkicheka na wageni, alikuwa akigonga mlango au alinyamaza tu? Niambie ukweli kabla ya tarehe 13. Kama alinyamaza, mimi nitagonga.

Msalimie Baba Matthew, na Matthew mwenyewe. Mungu awalinde mkitoka na mkiingia.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda hata sasa,

Wagaki