Kilio cha Matilda Kanisani

Mbweni, Unguja
Jumatatu ya Pasaka, 1971

Kwa mume wangu mpenzi Kolumba,

Sisi huku hatujambo, na mihogo uliyopanda nshaanza kuichimba. Barua yako ya Tanga nimeipata. Unasema hutarudi, kanisa la huku limekwisha, tumebaki wachache, nimlete mtoto abatizwe huko kwenye watu wengi. Usikasirike, mume wangu. Nshampeleka jana, hapa hapa ulipobatizwa wewe.

Wanawake tuliobaki tulisugua msalaba wa shaba kwa ndimu na majivu hata ukang'aa. Gauni lake nimelikata kwenye shela yangu ya harusi. Kilichokosekana ni ubani, maana madukani hakuna. Jirani yetu Bi Mwatum, ingawa yeye Mwislamu, alipopata habari akaja na wa kwake. "Mtoto wa hapa kwetu anapokewaje mkavu kama papa wa sokoni?" akasema. Kisha akakaa nje kutusubiri.

Ni kweli mabenchi mengi yalikuwa matupu. Lakini padri alipommwagia maji, Matilda alilia, na sauti ikapanda mpaka darini, ikazunguka, ikaturudia. Tulipotoka, Bi Mwatum akaniuliza, "Wageni wote wale niliowasikia wametokea mlango gani? Mimi nilidhani mmejaa humo ndani."

Kolumba, tulikuwa tumejaa. Utukufu wa Mungu haukungoja watu warudi kutoka Tanga.

Sitahama. Benchi letu nimelifuta vumbi, na nafasi yako nimeiacha wazi. Njoo ukae.

Mkeo akupendaye,
Edita