Fimbo ya Kompyuta kwenye Mashine Yetu ya Gemu

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma unabana, usukume kwa bega.

Ile mashine yetu ya gemu iko sebuleni, nimeiunganisha na televisheni. ~~Usiiguse mpaka nirudi.~~ Iwashe, cheza. Vishikio vyake viliharibika siku nyingi, kwa hiyo nimefunga fimbo ya kuchezea ya kompyuta yangu ya kwanza, ile ya enzi za masomo ya jioni. Plagi zilikataa kuoana, ndiyo maana katikati utaona kikopo cha sabuni kilichojaa nyaya. Usikicheke. Kinafanya kazi, ila nilichanganya nyaya mbili: ukivuta kushoto, gari linakwenda kulia.

Asubuhi uliposema, "Baba, bado unafuga makorokoro haya?" nilijifanya natafuta miwani. Ukweli ni kwamba nimehangaika nayo majuma matatu, tangu uliponiambia unakuja. Miaka sita unapiga simu na kuniuliza presha tu. Hujaniuliza hata siku moja kama nina mtu wa kucheza naye.

Nimekwenda kliniki, nitarudi saa saba. Najua basi lako linaondoka saa nane. Tafadhali usitoe begi nje kabla sijafika. Nataka raundi moja tu, na usinionee huruma. Nifunge kama zamani, halafu unizomee kwa sauti ile ile, majirani wasikie: "Mzee, umeliwa!"

Baba