Maji ya Bénie

Kindu, Kasuku, Jumatatu

Kwa mudogo wangu Emerance, Lokandu,

"Neno Utatu halimo popote katika Maandiko, na mtoto aliyebatizwa kwa majina matatu hakubatizwa: amepotea." Ndivyo barua yako ilivyoanza, bila hata hodi. Mimi nitakusalimu kwanza, maana tulinyonya kwa mama mmoja. Hujambo? Macho yanaendeleaje? Samaki wanapatikana? Huku tu wazima. Mke wangu Annie anasumbuliwa na mgongo, lakini bado anauza makala yake ya kupikia, magunia kwa magunia, sokoni.

Najua maneno yale si yako. Tangu mtoto wa jicho alipoyafunika macho yako yote mawili, Pasta Valère ndiye anayekuandikia na kukusomea, na hata sasa ni sauti yake unayoisikia. Vizuri. Karibu, pasta. Kaa sawasawa, usikohoe, wala usiruke mstari.

Unasema neno hilo halimo. Hata "Pasta Valère wa Lokandu" hayumo, na bado anakula sadaka. Mimi sitafuti neno, natafuta jambo lenyewe. Mwana amesimama ndani ya Yordani, Roho anashuka kama njiwa, Baba anasema kutoka mbinguni: hesabu mwenyewe. Kama ni mmoja tu anayebadilisha mavazi, kule bustanini Yesu alikuwa anamwomba nani? Alijibembeleza peke yake, kama mlevi wa huku kwetu Kasuku? Umeshikilia Matendo ya Mitume, wanapobatiza kwa jina la Yesu, ukafumba macho kwenye mwisho wa Mathayo, ambako Yesu mwenyewe anaagiza Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Maandiko si samaki wa kula mgongo na kumtupia paka kichwa. Nimebishana na watu wenye akili kukupita, Valère, na wote niliwanyamazisha.

Mmoja wao alikuwa Tambwe, mume wako, Emerance.

Unakumbuka mwaka 2002, mji huu wa Kindu ulipofungwa na vita na watu wakala majani. Ulivuka mto kutafuta mihogo, ukamwachia Tambwe mtoto wenu Bénie, mwenye miezi minane. Alikuwa hajabatizwa, kwa sababu baba yake alikuwa ameanza kusikiliza mafundisho hayahaya ya Valère. Njia ikafungwa nyuma yako siku tisa. Uliporudi nilikuambia kwamba Bénie alifariki mbele yangu akiwa amebatizwa, nikakupa kadi ya ubatizo yenye muhuri. Umeitunza miaka zaidi ya ishirini. Sasa unaniandikia kwamba Jumapili hii utaitupa mtoni na kubatizwa upya, kwa sababu yale majina matatu ndiyo yaliyompoteza mtoto wako.

Usiitupe. Sikiliza kwanza.

Tambwe alimleta asubuhi, kwenye chumba cha makatekista. Mtoto alikuwa amekauka kwa kuhara, hata kulia hawezi tena. Alisema ulimwachia neno: akizidiwa, ampeleke kwa yaya, ndiyo mimi kaka yako mkubwa. Nikamimina maji kwenye kikombe. Halafu nikakiweka mezani. Nilimwambia kwamba baba asiyeukiri Utatu haniletei mtoto kama mtu anayeleta baiskeli kwa fundi, akiri kwanza. Akanijibu, "Shemeki, sema wewe, mimi nitaitika. Mutoto anachoka." Hiyo haikunitosha. Nilitaka akubali kwa moyo, aya kwa aya. Nikafungua Mathayo. Naye, kwa kuwa alikuwa na kiburi kama changu, akafungua Matendo. Tukabishana. Siku ile nilikuwa na nguvu, Emerance. Sijawahi kusema vizuri vile, wala kabla wala baadaye. Mwishowe akainamisha kichwa, akasema, "Njo vile, shemeki. Umeshinda. Mubatize sasa."

Tulipomtazama, alikuwa amekwisha kufa.

Koo langu lilikuwa limekauka kwa maneno. Nikachukua kikombe, nikayanywa yale maji. Tambwe alinitazama mpaka nikamaliza.

Alimzika, akaondoka kukutafuta ili akuambie, akapigwa risasi njiani. Habari iliponifikia nilimshukuru Mungu mmoja katika Nafsi tatu, maana shahidi hakuwepo tena. Siku hiyohiyo nikaandika kadi.

Basi majina matatu hayakumpoteza Bénie. Aliyasikia asubuhi nzima, tukirushiana juu ya kichwa chake. Ila hayakumfikia pamoja na maji. Katika mafundisho sikukosea hata nukta moja, na mpaka leo nasema hivyo. Aliyemnyima mtoto wako ni mimi.

Annie anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia nini. Wasalimie wanawake wa samaki waliokulinda tangu uwe mjane.

Kadi nirudishie kwa mtumbwi wa kwanza. Mwandiko ni wangu, na uongo ni wangu. Nawe Valère, unayetaka kumzamisha Jumapili, usithubutu tena kumwambia mtoto wake yuko wapi. Hujui, nami sijui. Rudi pale penye kikombe katika barua hii, umsomee mudogo wangu tena, kwa sauti, mpaka yeye mwenyewe akuambie inatosha.

Yaya wako,
Joël, katekista