Wezi wa Ng'ombe wa Udongo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia kidogo, au baridi ya Makete bado inakusumbua? Mimi ni mzima, ila naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko unayumba. Wa kulia umevunjwa. Usianze kulia, soma kwanza.

Unajua darasa langu la awali, hapa kijijini nje ya Bariadi, vitabu ni vichache. Kwa hiyo nawafundisha watoto kwa maigizo. Wakicheza duka wanajifunza kuhesabu, wakicheza zahanati wanajua viungo vya mwili. Wazazi walininanga, eti nimeletwa kuchezesha watoto. Nikakaza shingo, unanijua.

Jumatano tulifinyanga ng'ombe wa udongo. Watoto wakachagua kucheza wizi wa ng'ombe, maana ndiyo habari ya majumbani kwao. Minza, binti wa miaka sita wa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, akawa mwenye zizi. Akasema kinyonge, "Nimeibiwa." Nikamchokoza, "Sijaamini. Umeibiwa kweli wewe?"

Mama, akapiga mwano. Hilo ni yowe la hatari la Wasukuma. Ukilisikia unalipokea, unalipeleka mbele na kukimbia na silaha, na asiyetoka anaadhibiwa. Darasa zima likalipokea. Nami nikapiga makofi kwa furaha.

Sijamaliza makofi, yowe limeshafika kwenye mashamba ya pamba. Wanaume wakaja na marungu, mapanga na pinde. Mbele ya shule alikuwa anapita mgeni, mtu wa Nassa, akiswaga ng'ombe wawili aliowanunua mnadani. Hakuna aliyemuuliza hata jina. Rungu la kwanza lilimpata mdomoni, akatema meno badala ya maneno. Alipoanguka wakampiga kama wanaopura mtama. Nikapiga kelele kwamba ni mchezo wa watoto, nani asikie? Nikamlalia. Mkono wangu ukavunjika, nikausikia. Ndipo kamanda akaniona.

"Acheni, ni mwalimu."

Hakusema acheni, ni mtu. Hilo linanichoma kuliko mkono. Kibali cha ng'ombe kilikuwa mfukoni mwa yule mgeni, kimelowa damu. Sasa amelazwa Bariadi na jicho moja limekwisha. Nilikwenda kumwomba radhi, akageukia ukutani.

Mwalimu mkuu amepiga marufuku maigizo. "Wafundishe a, e, i, o, u. Hayo mengine yatatuulia watu." Nawe kwenye simu, ingawa habari ya mkono nilikuficha, ulisema niombe uhamisho. Nimekubali, mama. Aibu imenishinda. Nisalimie baba mdogo wa useremala, shangazi anayenifumia masweta, na dada yangu na wanawe. Waambie narudi.

Jumatatu

Barua sikuituma jana. Leo wakati wa mapumziko nimewakuta watoto nyuma ya vyoo wanacheza kumpiga mgeni. Kila mmoja alitaka kuwa sungusungu, mgeni hakupatikana, basi wakamfunga Kabula, mdogo kuliko wote, kwa kamba ya katani. Pua yake ilikuwa inachuruzika damu. Huo mchezo sikuwafundisha mimi, na marufuku ya mwalimu mkuu haikuuzuia.

Nikamfungua Kabula, nikalala chini mimi, na plasta yangu mkononi. Nikasema, "Mgeni ni mimi. Mwano umepigwa, mmenikuta njiani. Mnafanyaje?"

Wakanyanyua mabua ya mtama waliyoyafanya marungu. Wawili wakanipiga, na mmoja alipiga kwa nguvu kweli. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja, anafoka. Sikuinuka. Nikauliza tena, "Mnafanyaje?"

Minza alikuwa anautazama mkono wangu. Akaweka bua lake chini, akachuchumaa karibu na uso wangu.

"Wewe ni nani? Unatoka wapi?"

Nikashindwa kuigiza, mama. Nikamwambia natoka mbali, Makete, na nina mama ananisubiri. Akawageukia wenzake akasema, "Ana mama huyu." Wakashusha mabua.

Uhamisho siombi tena. Uendelee kunisubiri.

Mwanao asiyesikia,
Tumaini