Sabini Ina Majina Mawili

Maman,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekusamehe. Sijakusamehe. Mtu hafi hivyo, katikati ya ugomvi, mwenzake akiwa bado na maneno mdomoni. Nimekasirika tangu mwezi wa kwanza na sasa tuko mwezi wa nne. Mama yangu amechoka kuniona nikigongesha sufuria na kujibu watu vibaya, akasema kama nina neno na wewe basi niliandike liishe. Haya. Nimekaa hapa Lindi, huku huku Kibera, kwenye chumba kingine, maana kile ulichosikia habari zake kiliungua. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Dukani kwako siku za Jumamosi Kiswahili kilikuwa cha matusi tu, na leo ndicho ninachokihitaji.

Kwanza, wewe ndiye uliyenitaka. Mama alikujua ulipokuwa ukishona sare za kwaya ya kanisa lao huko Kawangware. Akakulilia kwamba Nduku wake yuko kidato cha pili, Kifaransa kimemshinda, kila muhula anashika mkia. Ukamwambia, "Umulete. Macho yangu imechoka. Ataandika vipimo, nitamulipa na Kifaransa." Mama akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Mimi nikaenda Jumamosi ya kwanza kwa miguu kutoka Kibera, jua la saa tano likinichoma utosi. Neno la kwanza uliloniambia ni kwamba nimechelewa, la pili kwamba kichwa changu ni kama meza.

Sikukipenda Kifaransa, na wewe ulilijua hilo. Nilikitaka kwa ubishi. Mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba kuna vichwa vya Kifaransa na vichwa vya jembe, akaniangalia mimi. Akaongeza kwamba asiyefikisha alama arobaini mwisho wa mwaka atatolewa apelekwe Kilimo. Nikaapa kwamba hatanitoa. Ndiyo maana nilivumilia matusi yako, si kwa sababu nyingine.

Na ulikuwa mkali, Maman, usikatae. Mteja akiingia unamzungushia tepu, unaita namba kwa Kifaransa, mimi naandika. Nikikosea, mteja anaendelea kusimama mikono juu hadi nipatie. Kuna mama mmoja mnene alisimama hivyo hadi akaanza kuomba dua. Nilijifunza kusema, "Levez le bras," inua mkono. "Tournez," geuka. "Ne respirez pas," usipumue, tunapima kiuno. Hicho ndicho Kifaransa nilichokijua barabara. Ungenipeleka kwa rais wa Ufaransa ningempima suti.

Halafu likaja lile gauni la kiongozi wa kwaya. Uliita septante-sept, sabini na saba, mimi nikasikia soixante-sept, nikaandika sitini na saba. Gauni likatoka jembamba kwa upana wa kiganja. Yule mama akakwama nalo mabegani, nusu ndani nusu nje, akipiga kelele humo kama paka kwenye gunia. Ulinipa wembe nifumue mshono wote, na kila uzi niseme, "Septante." Nilifumua mchana mzima. Nilipokuuliza mbona mwalimu yeye husema soixante-dix, sitini na kumi, uliguna. "Ile ni Kifaransa ya kuchokesha watu. Sitini na kumi! Hawana jina ya sabini? Kwetu Bukavu tuko na jina yake." Mimi nikafurahi sana, maana ile hesabu ya mwalimu ilikuwa inanipiga chenga tangu kidato cha kwanza. Nikaitupa.

Nakubali kwamba niliitupa mwenyewe. Lakini ungeniambia, Maman. Ungeniambia shuleni niseme ya kwao na dukani niseme ya kwako. Hukusema.

Mtihani wa mwisho wa mwaka mwalimu alituita mmoja mmoja mbele akawa anaonyesha kadi za namba. Sabini. Nikasema septante kwa sauti, kifua mbele. Sabini na tano. Tisini na nane. Nikamtiririshia septante-cinq, nonante-huit, bila kusita, mimi Nduku ambaye kila mara nilikuwa nasimama pale nikikodolea macho dari. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasubiri kicheko kiishe ndipo akauliza, "Hii umeiokota soko gani?" Nikapata thelathini na sita.

Jumamosi iliyofuata sikuingia dukani kwako, nilivamia. Kulikuwa na wateja wawili na Mama Brayo wa makaa, jirani yako wa mlango wa pili. Nilipayuka mbele yao wote. Nilisema umenifundisha uongo. Nilisema kwamba wewe ni mkimbizi na hata Kifaransa chako ni cha mkimbizi.

Ulikuwa na pini mdomoni. Ukazitoa moja moja ukazichoma kwenye kile kimto chako. Ningependa ungenitukana. Ulisema tu, "Sortez."

Sortez! Siku zote uliniambia sors, toka, lete, kimbia, yote kwa tu, ile 'wewe' ya mtu wako. Vous ilikuwa ya wateja na wageni. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha tofauti. Ulinifukuza kama mtu usiyemjua na hata sketi yangu ya shule, niliyokuachia ushushe pindo, nikaiacha hapo. Nilitembea hadi Kibera nikikulaani. Nikasema sirudi.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakasomwa, na huku kwetu kukawaka. Unajua sisi ni watu wa Machakos, hatukudhani ugomvi ule unatuhusu. Jirani tuliyekuwa tukiombana naye chumvi alikuja akamwambia Mama, "Mama Nduku, hameni leo. Wakiniambia niwaonyeshe mnakoishi sitaweza kukataa." Alisema akilia, mjinga yule, na machozi yake hayakuzima moto. Tuliondoka na godoro moja na mkoba wangu wa vitabu. Tukawekwa uwanja wa maonyesho, kwenye mahema. Mtu aliyevaa jaketi la msaada akaja na daftari akamuuliza Mama, "Hapa mko wakimbizi wangapi?"

Mama akajibu wawili. Mimi nilitoka nje ya hema. Sikutaka anione uso. Kutoka uwanja ule unaona mabati ya kwetu, na tayari mimi ni mkimbizi, wala Kifaransa sina.

Siku kumi hivi nilikaa na neno lile. Nilipoona barabara imetulia kidogo nikamdanganya Mama kwamba naenda kutafuta maji, nikashika njia ya Kawangware. Nilitaka kulirudisha. Sikujua nitalirudishaje, kwa tu ama kwa vous.

Karibu nifike nikakuta mawe barabarani na tairi linalotoa moshi. Vijana watano. Mmoja ana panga. "Wee siste, simama hapo. Unatoka wapi?" Nikaangalia panga. "Unaitwa nani? Ongea na lugha ya kwenu tusikie." Sikujua ni vijana wa upande gani. Wengine Kikamba hukisikia wakadhani ni Kikuyu. Jina langu tu lingeweza kuwa kosa, na wala sikuwa na kitambulisho. Mdomo ukafunguka wenyewe, Maman, na kilichotoka ni duka lako.

"Levez le bras!" nikasema. Nikaonyesha kwa mkono, kama ninavyowaonyesha wateja. Na yule mwenye panga, wallahi, akainua mkono. Wenzake wakamcheka. "Tournez! Ne respirez pas! Septante-deux! Nonante-huit!" Nilikuwa nalia huku nampima kiuno kwa macho. Kijana mmoja akasema, "Aah, huyu ni Mkongo. Ni wale hushona vitenge. Wachana na yeye, hana kura." Wakasogeza jiwe moja nikapita.

Hakuna mtihani niliowahi kuufanya vizuri kama ule. Nilikimbia hadi kwako nikiwa na hadithi. Nilijua utakavyocheka, mkono mmoja kifuani kwa sababu ya ile pumu yako. Nilijua hadithi ile ingetosha kuwa msamaha, nisingehitaji hata kusema pole.

Duka lilikuwa limefungwa. Mama Brayo akatoka, akanitazama, akajifuta mikono kwenye leso. Alisema polisi walirusha vitoa machozi mtaani siku mbili mfululizo, moshi ukaingia kwenye mabati, na ile dawa yako ya kuvuta ilikuwa imeisha tangu kabla ya Krismasi. Maduka ya dawa yote yalikuwa yamefungwa. Alikusikia ukikohoa. Yeye na watu wake walikuwa wamejifungia, wameweka kabati mlangoni. "Tuliogopa kufungua," akaniambia. "Ungekuwa wewe, ungefungua?"

Nikamwambia ningefungua. Nikamwambia mengine pia ambayo Mama asiyasome. Lakini nikiwa peke yangu silijui jibu lake, na ndiyo maana hadi leo simsalimii. Hao Wakongo wenzako walikuwa wamekuzika tayari, upesiupesi, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna msichana Kibera wa kuambiwa.

Ulijua dawa imeisha, Maman! Tangu kabla ya Krismasi! Ningekuja Jumamosi ningeiona chupa tupu mezani, ningeenda kukutafutia. Ukanyamaza nayo kwa sababu ya kiburi, na mimi nikanyamaza Kibera kwa sababu ya kiburi. Angalia sasa tulichopata.

Mama Brayo aliingia ndani akarudi na mfuko. Sketi yangu. Alisema ulikuwa ukiishona wiki ile ya mwisho, umekaa kitandani, taa ya koroboi karibu. Pindo lilikuwa limeshonwa nusu, sindano bado imening'inia kwenye uzi. Nikageuza ndani nione ulipoishia. Kwenye kitambaa cha buluu, kwa chaki yako, uliandika urefu kama unavyoandika kwenye kila nguo: 70. Na mbele yake, kwa herufi kubwa za mtu ambaye macho yamechoka: *Soixante-dix. Tu vois?*

Soixante-dix. Wewe! Uliyeapa kwamba neno hilo halitaingia dukani kwako. Halafu, unaona? Kwa tu.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la makaa. Sikuwahi kukuchukia kama siku ile.

Shule zilipofunguliwa darasa la Kifaransa lilikuwa limebaki na wanafunzi sita, wengine walikimbilia mashambani na wazazi wao. Mwalimu akaona atabaki akifundisha madawati. Akatangaza kwamba tuliofeli tunaweza kujaribu tena, kadi zilezile. Kabla ya siku hiyo nilienda kwenye kabati la vitabu nikatoa kamusi kubwa ambayo hakuna anayeigusa, nikatafuta kwenye S kwa kidole. Lipo, Maman. Septante lipo, limechapishwa, na wameeleza kwamba ndivyo wanavyosema Wabelgiji na Waswisi na ninyi wa Kongo. Niliibeba hadi mezani kwake, nikaifungua, nikaweka kidole. Alisoma. Akavua miwani, akavaa tena. "Sawa," akasema, "lakini mtihani wa taifa hauulizi Kongo." Hakuomba msamaha, na mimi sikuondoa kidole hadi alipofunga kitabu.

Kadi ya sabini ilipokuja nilisema soixante-dix. Kwa ajili yako, si yake. Nilipata arobaini na nne. Bado nimo darasani, bado ni wa mwisho, wa mwisho kati ya saba. Sasa nafanya Kifaransa na kila kitu. Nikienda kisimani naita namba za mitungi. Nikifua nampima Mama kwa macho, ananiuliza mbona ninamwambia asipumue. Kule Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani, kuna Mkongo anayekata nywele, nimeanza kumpelekea salamu na makosa yangu. Anasema naongea kama fundi mzee wa Bukavu. Nilitoka nje kidogo kabla sijamjibu.

Wakubwa wameshapeana mikono kwenye televisheni. Jirani yetu wa hapa alipiga makofi. Mimi niliuliza nani atafungua duka la dawa la mwezi wa kwanza, wakaniambia nina roho mbaya. Sawa, ninayo.

Sketi naivaa. Nusu ya pindo ni mishono yako, midogo na sawa, na nusu ni yangu, imekwenda upande. Ile chaki sikuifunika na sikuifua, nafua kuizunguka, lakini inafutika. Ile Tu yako imeshaanza kufifia.

Kwa hivyo sikiliza, halafu ulale. Lile neno la mkimbizi nalirudisha kwangu, ni langu, nimelikalia kwenye hema. Kwenye karatasi ya mtihani nitaandika soixante-dix, kama ulivyoniandikia. Na nikijaliwa kuzeeka, nikafika umri ambao wewe walikunyima, mtu akiniuliza nina miaka mingapi nitainua kifua na kumjibu jibu moja. Akicheka, nitamwambia anyanyue mikono juu, asimame hivyo hadi apatie.

Septante, Maman. Tu vois?

Nduku wako