Aliyesema Wavuke

Kalymnos, mwisho wa Agosti

Kwa kaka yangu Sakellaris,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini waraka huu utakukuta huko Darwin u mzima, pamoja na wifi yangu Nomiki na watoto. Sisi huku viungo vizima. Mama kifua kimemwachia, na joto halijatumaliza. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu umenikatia kabla sijasema hata nusu.

Kaka, kwa heshima zote za ukubwa wako, nimekasirika. Umemwambia mama kwamba mume wangu ni mzembe, kwamba amelivunjia jina duka la baba la kutembeza wageni, na kwamba nimwache arudi kwao Volos. Wewe hukuwepo! Umeyapata kwa binamu Mikes, naye kayaokota kwenye mkahawa wa bandarini, ambako umbeya huchemshwa pamoja na kahawa.

Sasa nisikilize. Siku ile Pantelis alikuwa awaongoze wageni kwa kayaki kutoka Myrties hadi kisiwa cha Telendos. Meltemi ilikuwa inavuma tangu alfajiri, na maji ya mlango ule wa bahari yote meupe. Pantelis aliwaambia wageni wavue majaketi ya kuelea, atawapeleka kupanda miamba upande usio na upepo. Walinung'unika, mmoja alisema mawe wanayo hata kwao. Baadaye wakavuka hivyo hivyo. Katikati ya maji upepo ukapindua kayaki mbili. Mwalimu mmoja wa Denmark, Birgit, akabamizwa kwenye mwamba, akavunjika nyonga. Pantelis ndiye aliyejitosa akamshikilia kichwa juu ya maji mpaka mashua ikafika. Mgongo wake umechanwachanwa na mawe. Mimi ndiye ninayeuosha.

Birgit atatembea tena, Bikira Maria ashukuriwe. Lakini askari wa bandari wamemfungulia Pantelis kesi, na kisiwa kizima kimeshamhukumu. Nikipita sokoni nasikia, "Mtu wa bara huyo, bahari kaiona kwenye kalenda!" Mama Pothiti wa samaki aliniuliza mbele ya watu, "Mumeo keshajifunza kuogelea, mwanangu?" Nikamwachia samaki wake mkononi.

Na baba? Baba huketi mkahawani hapo hapo, anazungusha shanga zake vidoleni, anasikia yote. Wakimpa pole kwa kupata mkwe wa namna ile, anaipokea!

Pantelis hajitetei. Nimemfokea, nimemwita bwege, nimelia. Ananijibu tu, "Themelina, ni baba yako." Anadhani kwa kunyamaza ananihifadhia wazazi.

Kaka, mimi nilikuwa dukani siku ile, nasuuza kamba za kupandia. Nilimsikia Pantelis akiita kwenye redio, akisema safari imevunjika. Baba akamkatiza: "Nahodha hapa nani, wewe au mimi? Meltemi naijua tangu hujazaliwa, itatulia sasa hivi. Wavushe, la sivyo weka funguo mezani urudi kwa mama yako!" Kosa la Pantelis ni kumtii. Na hilo amelikubali mbele ya askari, lililobaki amelimeza.

Mimi nimeshindwa kulimeza. Leo asubuhi nimekwenda kwa askari wa bandari, nimeeleza nilichosikia na nikatia sahihi. Ndiyo, nimemshitaki baba yetu. Wataliita hilo laana, nawe huenda ukawa wa kwanza. Ita upendavyo, ila usiseme tena kwamba hukujua.

Sikwenda kwa kujificha. Nilimwambia baba kwanza, alipokuwa anamenya tini barazani. Nilitamani anizuie, au anipige, au aseme twende pamoja. Alifuta kisu kwenye suruali, akaniambia, "Pita njia ya juu, wa mkahawani wasikuone."

Nikapita katikati yao, Sakellaris, nikamsalimu kila mmoja kwa jina lake.

Mama anakusalimu, na anauliza kama Pasaka mtakuja. Wabusu watoto, mpe mkono Nomiki. Na ukimaliza kusoma, mpigie simu Pantelis. Si mimi, yeye.

Ni mimi dada yako,
Themelina, mke wa Pantelis