Usumba Wetu Ndani ya Viti vya Treni

Mikindani, Jumatano, mwezi wa tano 1975

Mvua ya leo haikunyesha wala haikukatika. Ni manyunyu tu tangu alfajiri. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi bila moto, na hata karatasi hii ninayoandikia ni laini kama imetafunwa.

Issa amekuja.

Siku nyingine zote nikiandika maneno hayo mawili, yanayofuata ni furaha mpaka mwisho wa ukurasa. Leo sijui niendelee vipi. Basi nianze na yale ninayoyajua vizuri, yaani sifa za mwanangu.

Issa ndiye mtoto wangu wa kwanza, na sioni haya kusema hakuna kijana wa mtaa huu anayemfikia. Wenzangu walizaa watoto, mimi nilizaa fundi. Yuko Dar es Salaam, kwenye ushirika wa mafundi waliopewa kazi ya kushona viti vya mabehewa mapya ya abiria. Viti hivyo si mbao za kukwaruza. Vina springi chini, vimejazwa vizuri, na juu vina ngozi ya bandia ya kijani inayong'aa. Mtu anakaa jioni akielekea bara, anaamka asubuhi kiuno kizima.

Mimi treni niliipanda mara moja tu, ile yetu ya Mtwara kabla reli haijang'olewa, nikiwa na mimba ya huyu huyu Issa. Tulikaa kwenye mbao tupu. Niliposhuka Nachingwea nilikuwa natembea kama bata, na marehemu baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo nikisema mwanangu amewapumzisha watu, najua ninachosema. Aliyazoea mapigo ya treni akiwa tumboni.

Mwaka jana sponji ya kujazia viti iliadimika. Mafundi wakakaa bure, mabehewa yanangoja. Issa akasimama kwenye mkutano wao akasema, kwetu kuna usumba.

Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi. Sisi wanawake wa hapa tunayafukia makumbi kwenye matope ya pwani, tunayawekea mawe juu. Maji yakijaa yanayafunika, yakitoka yanayaacha, hivyo hivyo miezi na miezi. Halafu tunayafukua, yamelainika na yananuka vibaya, tunayaponda kwa magongo mpaka zibaki nyuzi tupu. Tunaanika, tunasokota kamba. Ndivyo walivyofanya mama zetu na mama zao. Mikono yangu ina harufu ile hata siku ya Idi.

Issa aliwaambia wakubwa zake kwamba usumba wa mama yake hauna mfano pwani nzima. Mtoto kwa kujisifu amenifuata mimi.

Nikawakusanya wenzangu. Kila mmoja alileta wake barazani kwangu, nikauchambua kwa mkono wangu, nikaushindilia kwenye magunia, ukaenda na meli. Na tangu siku ile, jamani, nilikuwa sisemeki. Kisimani nimesema, harusini nimesema, hata kwenye msiba wa watu nilisema. Nilimwambia karani wa posta kwamba kila Mtanzania anayekwenda bara sasa hivi, makalio yake nimeyabeba mimi.

"Basi, Mama Issa," alinijibu Bi Somoe siku moja, matope yamemfika magotini, "siku nikipanda unitafutie kiti chenye usumba wangu mwenyewe. Wako nisije nikaukalia ukanipigia hadithi njia nzima!"

Bi Somoe ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tumeanza kuponda makumbi pamoja kabla hatujavunja ungo. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa, ndugu zake wamebaki ng'ambo ya Ruvuma, na kwa kuwa sasa huko wanajiandaa na uhuru wao, yeye anasema atakwenda kuwatafuta. Kila mwaka anasema hivyo, kila mara na sababu yake. Ana mimi, na mimi nina yeye.

Issa alishuka kwenye lori la bandarini saa nne hivi. Begani amebeba kitu kimefungwa turubai. Nilimwita kwa sauti ili mtaa mzima usikie. Wanawake walikuwa ndiyo kwanza wanatoka matopeni, wakamzunguka, wakafungua lile turubai kabla hajatia neno. Kumbe ni kiti. Kiti chenyewe cha treni, cha kijani, kimetolewa miguu tu.

Mama yangu, ilikuwa ngoma! Wakakiweka barazani, wakapanga foleni. Huyu anakaa, yule anakaa. Mmoja anapiga king'ora, mwingine anadai tiketi. Bi Somoe alipopata zamu alikaa kama mke wa mkuu wa mkoa, miguu ameikunja, akaita, "Dereva! Simamisha, umenipitisha kwangu!"

"Kwako wapi, bibi?"

"Kwangu hapa hapa. Nimeshakuwa mwenyeji, sishuki!"

Mimi nilikuwa nacheka huku namtazama Issa, nimwone anavyojivuna. Hakujivuna. Alisimama kando ya mlango amejiinamia, kama mtu anayengoja kuitwa jina polisi.

Bi Somoe alipoinuka, kanga yake nyuma ilikuwa na doa bichi la rangi ya kahawia, kubwa kama sahani. Kicheko kikalipuka. "Somoe kakojoa ndani ya treni!" Akajigeuza kuitazama kanga, akaigusa, akacheka naye, lakini nilimwona uso ukimwiva kwa aibu. Akajifunga ya pili juu yake akaenda zake. Wengine wakatawanyika kwa kicheko.

Issa akaingia ndani bila kuaga mtu.

Nilikuwa nimempikia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya mwanzo kabisa ya mwaka huu, maana huko Dar es Salaam hawaijui. Hakuigusa. Akakaa kwenye kigoda jikoni akanieleza, sauti iko chini, macho yako kwenye jiko.

Viti vinatoa jasho. Hivyo ndivyo alivyoanza. Treni ikifika kwenye baridi ya milimani, kiti kinalowa kutoka ndani. Abiria anakaa mkavu, anainuka amelowa. Watoto wa watu wamepigwa kwa kukojoa ambako hawakukojoa. Bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kuozesha binti yake ameshuka na kanzu yenye kutu nyuma. Springi zimelika, zinakatika, zinatoboa ngozi. Mama mmoja mjamzito alichanwa paja.

Hapo nilisema, "Yarabi."

Mwenyekiti wa ushirika wao alichana kiti kwa kisu, akachomoa nyuzi, akaziweka ulimini. Chumvi. Akasema, hii ndiyo inayovuta unyevu na kula springi; hawa mama zako wametia chumvi ili magunia yawe mazito. Nenda, urudi na jina la aliyefanya hivyo. Kiti hiki kichukue ukawaonyeshe.

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nani atie chumvi? Chumvi haitiwi, imo! Bahari imeingia na kutoka ndani ya makumbi yale miezi yote, itaacha nini kama si chumvi? Kamba haina tabu na chumvi, kamba inarudi baharini. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyeosha makumbi kwa maji ya kisima. Maji yenyewe ya kunywa tunagombania, nani akaoshee takataka? Mimi sikuwaza. Mama yangu asingewaza. Hakuna mwanamke wa hapa ambaye angewaza kwamba makalio ya watu yatakuwa na ugomvi na chumvi ya bahari.

"Nilimwambia yote hayo, mama," Issa akasema. "Akaniuliza, wewe si mtoto wa huko huko? Mbona hukujua? Kama hakuna aliyetia, basi kosa ni lako, rudisha vifaa."

Nikaelewa. Ukweli unamfukuza kazi mwanangu. Uongo unambakiza.

Nikageuza kuni ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Halafu akasema, polepole, kama mtu aliyekwisha kulifanyia mazoezi kwenye meli: "Nilifikiri nimtaje Bi Somoe."

Nikaziacha kuni, nikamgeukia.

"Yeye hana mtu, mama. Hana mtoto wa kuaibika. Na akienda kwao ng'ambo, yataisha."

Nimeandika maneno haya kama alivyoyasema. Nimeyatazama. Sikuongeza kitu.

Na hapo hapo, wallahi, nikasikia hodi ya mlango wa uani. Bi Somoe mwenyewe. Hakuingia, amesimama kwenye manyunyu na kanga nyingine. "Mama Issa," akasema, "mwambie mwanangu anisamehe. Labda nilikuwa na matope, nimemchafulia kiti cha serikali. Kama kinasafishika nitakuja kukisafisha mwenyewe."

Nikamwambia hajachafua kitu, aende akajipashe moto. Akasema, "Aa, wewe unanificha tu kwa kunionea huruma." Akaenda.

Issa alikuwa ameyasikia yote. Alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Bi Somoe alimbeba huyu mtoto mgongoni nilipougua baada ya kujifungua wa pili. Hilo sikulisema. Nilidhani analijua.

Nikamwambia, "Somoe hapana. Taja jina langu. Magunia yalifungwa hapa kwangu, kila mtu anajua. Sema mama yangu ndiye aliyetia chumvi, na wenzake hawakujua."

Niseme kweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Niliyasema kwa sauti kubwa na kifua mbele, kama ninavyosema kila kitu. Nilijua maana yake. Barua itakuja kwa katibu kata, itasomwa mkutanoni mbele ya watu wote niliowapigia domo, na jina langu litakuwa laghai mpaka kaburini. Lakini nilitoa jina langu kama mtu anavyomkaribisha mgeni chakula chake cha mwisho. Unamkaribisha kwa moyo wote. Na moyo huo huo unangoja aseme, ahsante, nimeshiba.

Nilingoja.

Nilingoja aseme, hapana mama, siwezi. Nilikuwa hata nimeshaandaa jibu la kumshurutisha. Ningemwambia usiwe mjinga, kazi hiyo utaipata wapi tena, mimi nimeshazeeka, jina nalifanyia nini. Tungebishana kidogo. Angelia, na mimi ningelia. Halafu angekwenda nalo, na mimi ningekuwa nimebaki na kitu.

Alisema, "Sawa, mama."

Basi. Hakuna zaidi. Nikamtazama usoni, nikaona ule uzito aliokuja nao umemtoka. Mabega yalishuka. Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akauliza, "Ile ming'oko bado ipo?"

Nikampakulia.

Akala yote. Akalamba vidole, akaniambia tamu, kwa Dar es Salaam huwezi kuipata. Nikamjibu ndiyo, huko hawaijui. Nilikuwa nimesimama nyuma yake naitazama shingo yake, ile shingo niliyokuwa naipaka mafuta, na nilikuwa nampenda. Hilo ndilo la ajabu. Nilimpenda vile vile, haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni kitu kingine ambacho sikijui jina lake kwa Kiswahili wala kwa Kimakonde.

Nimekuwa nikijiuliza jioni yote nilimlea vipi. Nilimpa kichwa cha samaki wenzake wakila mchuzi. Nilimwambia tangu mdogo kwamba yeye hana mfano. Watoto wa jirani wakigombana naye nilikwenda kugomba mimi, hata akiwa na kosa. Nilimjenga kwa maneno yangu, na maneno yangu hayakuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Au labda si hivyo. Labda ni kijana tu, ana hofu, na Dar es Salaam ni mbali. Mama akitaka kumtetea mwanawe sababu hazimwishii.

Sasa amelala chumba cha mbele. Meli inaondoka keshokutwa. Ameniomba nimsindikize mpaka bandarini, nikasema nitamsindikiza.

Wanawake watakuja kesho kuuliza gunia jingine linatakiwa lini. Nimekusudia niwaambie mwenyewe kabla barua haijafika, wasisikie kwa katibu kata. Nitawaita wote, Bi Somoe akiwa mbele, nisimame nao pale barazani.

Lakini niwaambie lipi? Kwamba nilitia chumvi, au kwamba nilimwambia mwanangu anitaje naye akakubali?

La kwanza ninaliweza.